Chakra za mwili: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Nafundisha yoga jioni, siku tatu kwa wiki, katika chumba cha ghorofani. Chini yetu kuna mafundi cherehani, na hadi saa mbili usiku mashine zao ndizo muziki wetu. Darasa likiisha watu hukunja mikeka na kushuka, lakini mmoja hubaki nyuma akijidai anatafuta kandambili. Huyo ndiye mwenye swali, na mara nyingi swali ni la chakra: kaona video, kauziwa kitu, au shangazi yake kamtisha. Nimeyakusanya hapa yale yanayorudi kila mara. Jibu likigusa jambo lililoelezwa kwingine, nitakuelekeza huko.

## Mambo ya msingi

Chakra ni nini hasa?

Ni neno la Kisanskriti, maana yake gurudumu. Hutamkwa kwa "ch" ya chai. Katika mapokeo ya tantra ya India, yaani njia za ibada na kutafakari za Wahindu na Wabuddha, chakra ni vituo vilivyopangwa kuanzia chini ya kiwiliwili hadi utosini. Havimo katika mwili huu wa nyama na mifupa. Vimo katika mwili latifu, ule ambao yogi, mtu aliyejitoa kwa yoga, huujenga kwa fikra anapotafakari. Kila kituo huchorwa kama ua la yungiyungi lenye idadi yake ya petali, na ndani yake kuna herufi, sauti, mnyama na mungu wake.

Mimi huwapa wanafunzi mfano wa vituo vya daladala. Kuna vituo visivyo na kibao wala kibanda, lakini kila abiria anavijua na konda anavitaja, kwa sababu miaka yote watu wanashukia hapo. Chakra ni mahali pa namna hiyo: watu wa karne nyingi wameteremshia mawazo yao hapo.

Ziko ngapi, na ziko wapi?

Mpangilio unaojulikana zaidi leo una sita, pamoja na ya saba iliyo juu yake. Ya kwanza ni Muladhara, "tegemeo la mzizi", iko msambani na ina petali 4. Svadhishthana iko chini ya kitovu, usawa wa viungo vya uzazi, petali 6. Manipura, "mji wa vito", iko kitovuni, petali 10, ingawa mabango mengi ya siku hizi yameipandisha hadi kwenye chembe cha moyo. Anahata iko moyoni, petali 12. Jina lake lina maana ya "isiyopigwa", yaani sauti inayosikika bila vitu viwili kugongana, na kwangu hakuna jina zuri kuliko hilo katika orodha nzima. Vishuddha, "iliyotakasika", iko kooni, petali 16. Ajna, "amri", iko kati ya nyusi, petali 2 tu. Juu ya zote, utosini, iko Sahasrara yenye petali elfu moja.

Sasa jumlisha petali za zile sita: 4, 6, 10, 12, 16 na 2. Unapata 50, na hizo ndizo herufi za Kisanskriti kama zinavyohesabiwa katika mfumo huu. Kila petali imeandikwa herufi yake. Yaani mwili wa yogi ni ubao uliojaa alfabeti nzima, tangu msambani hadi kwenye paji la uso. Wanaouza mabango wengi wao hawajawahi kuhesabu.

Nadi na kundalini ni nini?

Nadi ni njia zinazopitisha prana, pumzi ya uhai. Vitabu vingi hutaja nadi 72,000, lakini zinazohusika hapa ni tatu: Sushumna iliyo katikati ya uti wa mgongo, Ida inayoishia tundu la kushoto la pua, na Pingala ya kulia. Kundalini ni nguvu inayochorwa kama nyoka aliyelala Muladhara, amejiviringa mizunguko mitatu na nusu.

Nadi naitafsiri "mshipa", na hapo Kiswahili kimenirahisishia kazi. Mshipa kwetu ni wa damu, ni wa fahamu, na mtu wa pwani akisema "nina mshipa" huenda anaongelea ngiri. Neno hilo moja limechukua vinavyoonekana kwa kisu na visivyoonekana, kama nadi yenyewe.

Watu husema "chakra yangu imeziba". Maana yake nini?

Kwa lugha ya leo wanamaanisha kwamba kuna hisia iliyokwama: aliyeshindwa kusema la moyoni imeziba ya koo, aliyeachwa imeziba ya moyo. Ni njia ya kuzungumza, na wengine inawasaidia kulitaja jambo ambalo wasingelitaja.

Katika maandiko ya zamani habari ni nyingine. Humo yapo mafundo matatu ambayo kundalini huyapasua ikipanda, na kila hatua kitu huyeyuka katika kinachofuata: udongo katika maji, maji katika moto, moto katika upepo, upepo katika anga. Mwisho wa safari ni kutoka kabisa katika mzunguko wa kuzaliwa na kufa. Yule yogi anaufumua mwili wake kama fundi anavyofumua gauni, uzi mmoja mmoja. Hakuwa anatafuta mchumba wala kupandishwa cheo.

Kwa hiyo mtu anayekutazama dakika tano na kukwambia chakra yako ya tatu imeziba, kwangu hana tofauti na yule anayekwambia nyota yako imefunikwa. Kuhusu malipo anayodai, tazama sehemu ya pesa na mawe.

## Zilikotoka

Ni za kale kiasi gani? Nimesikia miaka elfu tano.

Punguza. Mifumo ya vituo hivi tunaikuta katika maandiko ya tantra, ya Wahindu na ya Wabuddha, ya zama ambazo Ulaya iliziita za kati. Mfumo wa sita unaofanana na huu wetu umo katika Kubjikamata Tantra, andiko la karibu karne ya 10. Maelezo yaliyoenea kuliko yote yaliandikwa mwaka 1577 na Purnananda, mtu wa Bengal, katika sura iitwayo Shat-chakra-nirupana, yaani "maelezo ya chakra sita". Ona hesabu yake: sita. Ile ya utosini hakuihesabu pamoja na nyingine, maana ndiko safari inakoishia.

Sura hiyo ilifika Ulaya kwa mkono wa jaji. John Woodroffe alikuwa jaji wa Mahakama Kuu ya Calcutta. Alitumia jina la Arthur Avalon, na mwaka 1919 akatoa tafsiri ya Kiingereza. Mwaka 1932, huko Zürich, Carl Jung, mtaalamu wa saikolojia wa Uswisi, alitoa mihadhara kuhusu kundalini akizisoma chakra kama hatua za nafsi kukua. Tangu hapo chakra ikaanza kuwa habari ya tabia na hisia za mtu, hadi tukafika kwenye "chakra ya kujiamini".

Rangi saba za upinde wa mvua nazo ni za kale?

Hapana, na hili huwauma watu kuliko yote. Soma Purnananda: petali za Manipura zina rangi ya wingu zito la mvua. Za kooni ni zambarau iliyochanganyika na moshi. Ajna ni nyeupe kama mwezi. Moyo una petali nyekundu, na hakuna kijani chochote hapo.

Mwaka 1927 Charles Leadbeater, aliyekuwa kasisi wa Kianglikana kabla ya kujiunga na Jumuiya ya Theosofia, kundi la watu waliochanganya mafundisho ya siri ya dini mbalimbali, alichapisha kitabu chenye rangi alizodai kuziona yeye mwenyewe kwa jicho la ndani. Mpangilio nadhifu wa nyekundu chini hadi zambarau juu ukaja kuenea Marekani katika miaka ya 1970. Yaani bango unaloliona kwenye kila ukumbi wa masaji wa hotelini ni changa kuliko Azimio la Arusha.

Hata mimi ninalo ukutani. Nililikuta chumbani nilipopanga, na sijalitoa, kwa sababu mgeni hulikumbuka haraka: nyekundu unapokalia, zambarau utosini. Ila akiniuliza kama ni la mababu wa India, namwambia ukweli.

Mbona kitabu changu kina tano?

Huenda ni cha Kibuddha. Hevajra Tantra ina nne, Watibeti wengi hutumia nne au tano, na zipo tantra za Kihindu zenye tisa au zaidi. Kila ukoo wa walimu ulipanga vituo kulingana na ibada yake. Hakuna aliyekosea.

## Mwili na hospitali

Daktari akinipasua, ataziona?

Hataziona, na kuna mtu aliyekwenda kuhakikisha. Dayananda Saraswati, aliyeanzisha Arya Samaj, harakati ya kurekebisha dini ya Kihindu, mwaka 1875, anasimulia katika habari za maisha yake kwamba siku za ujana wake alikuwa akizunguka na vitabu vya yoga vilivyoeleza chakra na nadi kwa vipimo. Siku moja akaona maiti ikielea mtoni. Akaingia majini, akaivuta ukingoni, akaipasua kwa kisu, akaweka moyo na viungo vingine kando ya vitabu na kulinganisha. Havikufanana. Alivichana vitabu vile akavitupa mtoni pamoja na maiti.

Wahindi wa Arya Samaj tunao Nairobi, Mombasa na Dar es Salaam hadi leo, kwa hiyo mwanzilishi wao si mtu wa mbali sana nasi. Nakipenda kisa hiki kwa sababu anayekisimulia ni swami, mtawa wa Kihindu, na ni yogi. Asingekuwa na sababu ya kuichafua yoga.

Utasikia pia kwamba kila chakra ni tezi fulani: ya koo ni tezi ya shingoni, ya kati ya nyusi ni ile tezi ndogo iliyo ndani ya ubongo. Ulinganisho huo ni wa karne ya 20. Purnananda hakujua habari za homoni.

Kama hazionekani, mbona mimi nazihisi?

Unahisi mwili wako, na mwili una mahali pa kila jambo. Kiswahili kinajua hilo kuliko kitabu chochote cha yoga. Koo linakukaba kwa uchungu, moyo unapasuka, tumbo linavurugika kwa hofu, nywele zinasisimka, nyongo inakuchemka. Mtoto akikosa pumzi kwa kulia, mama humpapasa kwenye chembe cha moyo na wala hakusomea.

Mwaka 2014 watafiti wa Finland walichapisha kazi waliyoifanya kwa watu 701. Waliwaomba wapake rangi kwenye mchoro wa mwili mahali wanapohisi mabadiliko wanapokuwa na hasira, woga, mapenzi, aibu na kadhalika. Michoro ilifanana kiasi cha kushangaza, kwa Wazungu wa Kaskazini na kwa Wataiwani pia. Hiyo haithibitishi chakra. Inaonesha kwamba waliozichora hawakuweka vituo mahali pa ovyo.

Hata bibi zetu wana chango, yale maumivu ya tumbo la chini. Mwanamke akisema chango kimempanda, ultrasaundi haitaonesha kitu kiitwacho chango, ila maumivu yapo na kila mama wa pwani anajua linalosemwa. Wakati mwingine ndani ya neno hilo umejificha uvimbe wa kizazi ambao daktari angeuona mapema kama mgonjwa angekwenda. Hatari ya chakra ni hiyo hiyo. Jina linalofariji linaweza kukuchelewesha.

Kuzifanyia kazi chakra kunatibu magonjwa?

Sijaona ushahidi wa kwamba chakra yenyewe inatibu kitu. Mazoezi yanayoambatana nayo ni habari nyingine. Kupumua polepole hutuliza mapigo ya moyo kwa watu wengi. Kwa maumivu sugu ya kiuno, mwongozo wa American College of Physicians, chama cha madaktari wa Marekani, wa mwaka 2017 umeitaja yoga kati ya njia zisizo za dawa zinazoweza kujaribiwa kwanza. Nafuu inayopatikana ni ya wastani, na haiji kwa wiki moja.

Ukiacha dawa za presha, sukari, kifafa au virusi vya UKIMWI kwa sababu unafungua chakra, darasani kwangu sikupokei. Nimeshamrudisha mtu nyumbani kwa hilo, akanuna, akahamia kwa mwalimu mwingine.

Nina maumivu ya kifua. Ni Anahata?

Nenda hospitali. Kifua kinachobana, hasa kikiambatana na jasho, kukosa pumzi au maumivu ya mkono na taya, ni cha kukimbizwa leo hii. Vivyo hivyo uvimbe shingoni, choo cheusi, na ukungu wa macho wa ghafla. Hayo yakishapimwa na kupewa jina, rudi tuongee habari ya yungiyungi.

## Kufanya mwenyewe

Nianzie wapi?

Anza na kimoja, na kiwe cha kitovuni, kwa sababu hapo pumzi unaiona kwa macho.

Mwezi uliopita alikuja dereva wa bodaboda, mgongo umemkaza kama ubao. Nilimlaza chali, magoti juu, nyayo chini. Nikamwambia aweke kiganja juu ya kitovu. Mkono ulikuwa bado unanuka petroli. Nikamwomba avute pumzi kwa hesabu ya nne, kiganja kipande, kisha aitoe kwa hesabu ya sita, kiganja kishuke. Mara tatu za kwanza kilichopanda kilikuwa kifua, kiganja kimetulia kama kimegundishwa. Nikamwambia asisukume tumbo, aisubiri tu pumzi ifike. Ya tano au ya sita, kiganja kikainuka kidogo. Akafumbua macho akanitazama kama mtu aliyesikia hodi.

Nne kuvuta na sita kutoa ni sekunde kumi, yaani pumzi sita kwa dakika. Dakika tano zinatosha. Baada ya wiki mbili, hamia moyoni au kooni, mkono ukiwa hapo hapo unapowaza. Usifanye baada tu ya kula wali.

Zile sauti za lam, vam, ram ni za nini?

Huitwa bija, "mbegu". Kwa mpangilio kutoka chini ni lam, vam, ram, yam, ham, kisha om. Watu hudhani "ram" ni jina la chakra ya tumbo. Sivyo: zile tano za kwanza ni mbegu za udongo, maji, moto, upepo na anga, nazo zimewekwa katika vituo vinavyohusika na vitu hivyo.

Kwa aliyezoea, zina faida moja ya wazi: huwezi kuvuma "vammm" huku ukivuta pumzi ndani, kwa hiyo unalazimika kuitoa kwa urefu. Ila ni sehemu ya ibada ya watu, na wapo wasiotaka kuzitamka. Tazama sehemu ya dini.

Nimekaa mwezi mzima na sihisi chochote.

Sawa. Unalala vizuri zaidi? Umepunguza kufokea watoto? Hayo ndiyo ya kupimia. Joto, mwanga na mitetemo huwajia wengine na wengine haiwajii kamwe, na anayeyasubiri hukaa amekakamaa.

## Dini

Mimi ni Mwislamu. Ni haramu?

Mimi si mufti, nitakueleza yaliyokwisha kusemwa. Mwaka 2008 Baraza la Taifa la Fatwa la Malaysia lilikataza yoga inayochanganya mazoezi ya mwili, ibada na kutamka mantra, yaani maneno ya ibada yanayorudiwa. Mwaka uliofuata Baraza la Maulamaa la Indonesia likakataza ile yenye mantra na ibada ya Kihindu, lakini halikuona ubaya katika yoga ya mazoezi matupu. Ukiwaza vizuri utaona chakra ziko kwenye mpaka: kuweka mkono tumboni na kupumua ni mazoezi, kumtafakari mungu aliyekaa katikati ya ua ni ibada.

Kwa hiyo ukimwendea sheikh wako usimuulize "yoga inafaa?" Muulize kitu kimoja kimoja: kunyoosha mgongo, kuhesabu pumzi, kutamka "om". Utapata majibu matatu.

Wasomi wa Kiislamu hawakuanza jana kuyatazama mambo haya. Katika karne ya 16 Muhammad Ghawth, Msufi wa Gwalior huko India, alitoa kwa Kiajemi kitabu kiitwacho Bahr al-hayat chenye mafunzo ya yogi, vituo vya mwili vikiwemo. Na tariqa ya Naqshbandi ina latifa zake, vituo vya kifuani ambavyo mwanafunzi huvielekezea dhikri. Sisemi ni kitu kimoja. Nasema tu kwamba swali lako limetembea sana kabla ya kufika hapa.

Na sisi Wakristo?

Mwaka 1989 Vatikani ilitoa barua kuhusu namna za kutafakari za Kikristo, ikitahadharisha mtu asidhani utulivu au joto la mwili ndilo Roho Mtakatifu. Haikusema kila njia ya Mashariki itupwe. Makanisa ya kilokole kwetu huwa makali zaidi, na kuna mama mmoja aliacha darasa langu kwa sababu ya lile bango la ukutani. Nilimwelewa.

Kwa anayetaka utulivu bila mantra, upo utafiti wa Italia wa mwaka 2001, watu 23. Waliposali rozari kwa Kilatini, na walipotamka mantra ya yoga, pumzi ilishuka kwa namna ile ile hadi karibu mara sita kwa dakika, na mfumo wa moyo ukaitikia kwa namna moja. Mwenye rozari tayari ana chombo chake.

## Pesa na mawe

Kuna mtu anataka laki tatu anifungulie chakra. Nilipe?

Usilipe. Miaka ya nyuma, kabla sijafundisha, nililipa mimi. Nililazwa kitandani, mtu akapitisha mikono hewani juu yangu huku simu yake ikiita, mwisho akaniambia zimebaki mbili na nirudi Ijumaa na nusu ya kiasi kile. Kule kurudishwa Ijumaa ndiko kulikonifungua macho. Chakra hazikuhusika.

Kulipia darasa ni halali, chumba kina kodi. Lakini ukiona bei inategemea ukubwa wa tatizo ulilobuniwa na mwenye kuuza, ondoka.

Reiki nayo ni kazi ya chakra?

Reiki, uponyaji wa kuwekea mtu mikono, ni ya Japani, ilianzishwa na Mikao Usui mwaka 1922. Chakra ziliongezwa baadaye Magharibi. Wengi wanaoitoa hawajui hilo.

Je, mawe yanasaidia? Nimeambiwa tanzanaiti ni ya jicho la tatu.

Tanzanaiti inatoka Mererani, Simanjiro, na ilijulikana kwa wafanyabiashara wa vito mwaka 1967. Purnananda alikuwa ameshafariki miaka mingi. Kwa hiyo anayekwambia ni "jiwe la kale la Ajna" anakuuzia hadithi, na pengine anakuuzia jiwe letu kwa bei ya Ulaya. Ukipenda rangi yake, livae. Ni zuri.

## Maswali ya pembeni

Nimesikia kundalini ikiamka vibaya mtu huchanganyikiwa. Ni kweli?

Kuna watu wanaotafakari saa nyingi kwa siku, bila kulala wala kula vizuri, wakaanza kutetemeka, kusikia sauti, kushindwa kulala kabisa. Hilo linatokea, na halitokei katika mila moja tu. Mwongozo wa madaktari wa akili wa Marekani wa mwaka 1994 uliongeza kipengele cha "tatizo la kidini au kiroho", ili daktari asikimbilie kuliita kila jambo la imani kuwa ni wazimu.

Kwa vitendo: simamisha mazoezi yote, kula chakula kizito, tembea juani, lala. Usiku wa pili bila usingizi, au sauti zinazoamrisha, nenda kitengo cha afya ya akili cha hospitali. Usimpeleke mtu huyo kwa mwalimu wa yoga, hata kama ni mimi.

Ni mjamzito. Nifanye zipi?

Kupumua kwa upole kulikoelezwa pale juu, ukiwa umelalia ubavu wa kushoto au umekaa kwenye mto. Acha kubana pumzi, acha pumzi za kufurisha na kupiga tumbo kwa nguvu, acha kusimama kwa kichwa. Mwenye presha, kifafa au presha ya macho naye aache hayo hayo.

Mtoto wangu wa miaka tisa anaweza?

Anaweza kulaza kidoli tumboni akitazame kikipanda na kushuka. Habari ya nyoka na mafundo mwachie.

Nilitolewa kizazi. Chakra ya pili bado ninayo?

Aliyeniuliza hili alikuwa na kandambili mkononi tayari, hakuwa anazitafuta. Alikuwa amesoma mahali kwamba Svadhishthana ni kiti cha uzazi na uanamke, na akapiga hesabu yake mwenyewe.

Unayo. Kilichotolewa na daktari ni kiungo, na kituo hiki hakikuwahi kuwa kiungo. Rudi kwenye kisa cha Dayananda. Katika Purnananda Svadhishthana ni mahali pa maji: mwezi mwandamo mweupe, na mnyama wake ni makara, kiumbe wa majini mwenye sura ya mamba. Tena yogi aliyelengwa na maandiko yale kwa kawaida alikuwa mwanamume, asiye na kizazi tangu azaliwe, na hakuambiwa ana chakra pungufu.

Kuhusu mazoezi, subiri daktari aliyekupasua akuruhusu. Kwa upasuaji wa tumbo wengi husema wiki sita kabla ya kubeba vizito au kukaza tumbo. Kupumua kwa kiganja unaweza kuanza mapema zaidi, kiganja kikiwa juu ya kitovu mbali na mshono, na baadaye ukakishusha taratibu kadiri kovu linavyokubali kuguswa.

Yeye alichukua miezi minne kukishusha. Siku hizi huja Jumatano, hukaa karibu na mlango, na mashine za chini zikinyamaza kidogo nasikia pumzi yake ikitoka hadi sita.